Tulivyomketisha Baba

Watu wa Timbwani hunisifu mpaka leo kwa jinsi nilivyomtunza babangu, nami hunyamaza. Nilinyamaza siku ya maziko, nikanyamaza siku ya khitma, nikaendelea kunyamaza kila wanawake wenzangu waliponitaja mbele ya binti zao ili wapate kuiga. Nilisema yote mara moja tu, kwa mtu mmoja, na nitaeleza nilivyojibiwa. Sidhani kwamba nikiyaandika haya nitapata nafuu. Nayaandika kwa sababu najua kilichomuua babangu, na katika hicho kilichomuua mna kazi ya mikono yangu.

Babangu alikuwa mkwezi wa minazi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alitoka nyumbani kwetu, si mbali na feri ya Likoni, kamba begani na panga kiunoni, akashika njia ya kusini kwenda kwenye mashamba ya watu. Huko alikwea minazi thelathini, siku ya kazi nyingi hata arobaini. Akimaliza kuangua alianza kufua, akizibandua nazi makumbi kwa chuma kilichosimikwa ardhini, kisha akajaza kanda na kurudi nalo begani kwa njia ile ile ya miguu. Alifika hamsini na kitu na mwilini mwake hamna nyama ya ziada hata kidogo. Mashavu ya miguu yake yalikuwa magumu, na nilipokuwa mtoto nikiyagonga kwa vidole kama mtu anayebisha hodi, naye akijibu, "Karibu."

Mama alifariki mapema. Mimi niliolewa, sikuzaa, nikaachwa, nikarudi nyumbani nikiwa na miaka ishirini na minane. Mdogo wangu wa pekee alisoma, na mwishoni mwa miaka ya hamsini akapata ukarani katika ghala moja huko Changamwe. Tulifurahi sana siku ile. Nilichinja kuku wawili.

Asiyekuwa mtu wa kwetu huenda asielewe lililofuata. Kwetu, mtu aliyelea watoto wakakua na kushika kazi hapaswi kuonekana akihangaika. Kumwacha ahangaike ni kuutangazia mji mzima kwamba amezaa hasara. Tena babangu hakuwa na pa kujificha. Mkulima anaweza kuinama kwenye mihogo yake asionekane, lakini mkwezi yuko juu, na kila apitaye chini humwona nyayo. Haikupita wiki ya pili tangu ndugu yangu aanze kazi, shangazi yetu, dadake baba, akaja kwetu asubuhi na akakataa hata kuketi.

"Nimempita kakangu yuko juu ya mnazi," alisema. "Mnazi mrefu, na upepo ule. Na mwanawe yuwavaa kola! Mwataka watu waseme nini?"

Nilimpelekea ndugu yangu maneno yale jioni, naye akaona haya kuliko mimi.

Mwezi ulipokwisha alivuka feri na kiti kichwani. Kilikuwa kiti cha kujilaza, cha mbao na turubai, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Tulikiweka barazani, mahali ambapo kila apitaye angekiona, na hatukuwa na haya kulisema hilo. Baba alikizunguka, akakishika, akaketi taratibu, akacheka.

"Kuanzia leo, baba, hukwei tena," ndugu yangu akamwambia.

"Na miguu hii n'taifanyia nini?" baba akauliza.

Tulicheka sote watatu. Sitaki kujifanya kwamba baba alilazimishwa. Alipenda. Alikuwa amekwea tangu hajabalehe, na siku ile alionekana kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. Jioni watu walipopita aliwasalimu akiwa amejilaza, na kila aliyeitikia alisema mashaallah.

Miezi ya kwanza mwili wake ulimkatalia. Alikuwa akiamka alfajiri, akisali, kisha akisimama mlangoni hajui aende wapi. Siku moja nilimkuta kisimani anavuta maji. Nilimnyang'anya ndoo. Nilimnyang'anya na shoka alipotaka kupasua kuni, na ufagio alipotaka kufagia uani, na nilifanya hivyo kwa sauti ya kusikika na majirani: "Baba, keti! Wataka nionekane mwana gani mimi?" Nilijiona binti mwema kupita wote wa Likoni. Mwaka wa pili hakunyanyuka tena. Ukimwita kwa chakula alijibu, "Niletee papa hapa."

Nami nilimletea. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na nyama ya mafuta, jioni mkate wa kumimina au halua ndugu yangu aliyonunua ng'ambo, kisiwani. Samli haikukosekana. Zamani alikula vitu hivi siku za sikukuu, na akivila alivipeleka juu ya minazi vikaishia huko. Sasa havikuwa na pa kwenda. Alifanya tumbo, akafanya kidevu cha pili, na watu wakamsifu kwamba amenawiri. Ndugu yangu alimletea sigara pia, kwa sababu mtu aliyekaa siku nzima hana budi kupata la kufanya na mikono yake. Zamani hakuvuta. Kamba ya kukwelea haikumpa nafasi.

Mwaka wa tatu ukaja uchungu. Safari pekee aliyobakia nayo ilikuwa ya msikitini siku ya Ijumaa, na msikiti wetu si wa mbali. Mtu mwenye miguu mizima hufika kabla hajamaliza kuvuta uradi. Ijumaa moja alirudi amechelewa, uso umemshuka.

"Shavu la mguu lanikaza," aliniambia. "Huu wa kulia. Nikienda kidogo, laniuma kama limefungwa kamba. Nikisimama, laniachilia. Nikienda tena, lanikaza tena."

Nilisema ni baridi. Shangazi alisema ni uzee. Nilimchua kwa mafuta ya nyonyo, tukamwita mtu akamwumika damu kwa pembe, akanywa makombe ya aya siku saba. Lakini tulichokiona wazi wenyewe ni kwamba akiketi haumwi, na akitembea anaumwa. Nani asingeamua kama tulivyoamua sisi? Tuliona kukaa ndiyo dawa, tukamzidishia. Hata kwenda chooni nilikuwa nikimshika mkono.

Aliyetushtua ni dresa wa zahanati, siku nilipompeleka kwa ajili ya kikohozi. Alimwona anavyochechemea, akamvua kiatu, akaweka vidole viwili juu ya unyayo wake, akatafuta mapigo ya damu, akatafuta. Kisha akaviweka kwenye mguu wa pili. Aliandika barua, akatuambia tuvuke tukamwone daktari mmoja Muhindi kisiwani. Ndugu yangu alikuwa kazini. Tulikwenda mimi na baba tu, na kwa hiyo hakuna mtu mwingine duniani aliyesikia maneno ya daktari yule isipokuwa sisi wawili.

"Kazi yako gani, mzee?" daktari alimwuliza.

"Sina kazi. Wanangu wamenipumzisha," baba akajibu kwa fahari.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu waingia. Kabla ya hapo nikikwea minazi."

Daktari aliinua kichwa akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mzee mwenyewe, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini tulikifahamu. Alisema damu inatoka moyoni na kwenda mguuni kwa mshipa, na mshipa wa mtu mwenye afya ni laini, hupanuka na kunywea. Mshipa wa baba umekakamaa na ndani umeingia utando wa mafuta, njia imekuwa nyembamba. Mguu ukikaa hautaki damu nyingi, kwa hiyo unanyamaza. Mguu ukitembea unataka damu, damu haifiki, unalia. Alisema mambo mengi huleta hali hiyo, umri umo, sigara imo, mafuta yamo, lakini mtu aliyekuwa akikwea kila siku kisha akaketishwa ghafla miaka mitatu, mishipa yake imefungwa mlango.

"Wamekupumzisha mno," alisema.

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unampikia? Samli basi. Sigara basi kabisa. Na atembee. Kila siku atembee. Mguu ukiuma sana asimame, ukiacha aende tena. Damu itatafuta njia nyingine ndogo ndogo, pole pole, miezi. Uchungu ule hautamdhuru. Kukaa ndiko kutamdhuru. Umesikia, binti?"

"Nimesikia, bwana daktari," nikasema. Na kweli nilisikia. Ningependa niweze kusema leo kwamba sikufahamu, au kwamba Kiswahili chake kilinipotea, lakini nilifahamu kila neno.

Kwenye feri baba alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa miaka. Alimpa abiria mmoja pakiti yake ya sigara, nzima, akamwambia, "Chukua, ndugu yangu, zimenishinda." Halafu akaniinamia akasema, "Kumbe si uzee." Alikuwa akidhani anakufa polepole na hakutuambia.

Alianza siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, jua lilipopungua. Siku ya kwanza hakufika mbali. Alikwenda nyumba tatu, akasimama, akarudi. Wiki ikapita, akafika kisimani. Mwezi ukapita, akafika dukani kwa Mshihiri. Tatizo lake lilikuwa kusimama. Mtu mzima na tumbo lake hawezi kusimama katikati ya njia kila hatua kadhaa bila watu kumwuliza, naye hakutaka kuulizwa. Basi aligundua hila yake. Kila alipokazwa na mguu alitafuta nyumba ya karibu, akapiga hodi kwa mbali, akaanza salamu. Sisi watu wa pwani salamu zetu ni ndefu tangu zamani, lakini za baba zilizidi. Aliulizia wazee, akaulizia watoto, akaulizia kuku, akaulizia mvua. Mguu ukimwachia tu, alikata maneno hapo hapo, akaaga, akaondoka, na mwenye nyumba akabaki na jibu mdomoni.

Akirudi alinihadithia, na tulicheka machozi yakatutoka. "Leo nimemwulizia mtu mamake mara mbili," aliniambia siku moja, "na mamake kafa mwaka juzi." Zile zilikuwa siku zangu njema za mwisho na babangu. Nilikuwa nikimpikia samaki wa kuchoma na mchicha, na tumbo lilianza kupungua.

Kufikia mwezi wa nne alikuwa karibu na msikiti. Hakuna aliyejua jambo hilo lina maana gani isipokuwa mimi na yeye. Siku za Ijumaa bado alikuwa akishikwa na ndugu yangu na kupumzishwa njiani, lakini nia yake ilikuwa kufika peke yake kwa miguu yake, akaingia kama watu.

Shangazi akaja.

Alikuja adhuhuri, uso umefura. Safari hii aliketi. Aliniita nilipokuwa jikoni, nikaitika, "Abee," nikatoka nikifuta mikono.

"Nimemkuta kakangu jana amesimama juani," alisema, "ameshika ua wa watu, jasho lamtoka, midomo myeupe. Namwuliza, kaka, wangoja nani? Anambia yuwatazama mbuzi. Mbuzi gani? Hapakuwa na mbuzi, wallahi!"

"Ni daktari, shangazi. Daktari kasema atembee."

"Daktari ni babake? Akianguka njiani, atakayesemwa ni daktari, ama ni wewe?" Kisha akaniambia lile lililonimaliza. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, kwa kunihurumia, na ndiyo maana liliingia. "Mwanangu, mume kakuacha, mwana huna. Mungu kakupa kazi moja tu duniani, kumtunza babako. Hiyo nayo yakushinda?"

Ningeweza kumweleza habari za mishipa. Ningeweza kumtaka aende mwenyewe kwa daktari akasikie. Sikufanya. Niliona kuta za nyumba zote za Timbwani zinanitazama, na kila mwenye nyumba aliyewahi kusalimiwa na babangu nikamwona anasema, masikini mzee yule, ana binti ndani na anatangatanga njiani kama hana watu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Jioni ile nilikwenda karibu na feri, nikapatana na hamali mmoja mwenye mkokoteni. Akakubali kuja kila siku alasiri na kila Ijumaa, ampeleke mzee msikitini na amrudishe.

Nilitandika mkeka kwenye mkokoteni ule, nikaweka mto wenye foronya iliyotariziwa. Baba alitoka amevaa viatu vyake vya kutembelea, akauona.

"Nini hiki?"

"Watu wanasema, baba."

"Nimebakisha nyumba nne kufika," aliniambia. "Nyumba nne, mwanangu. Nipe mwezi."

"Baba, wanasema."

Nilikuwa nalia, na nadhani ni kilio changu kilichomshinda. Alikuwa na uwezo wa kukataa, alikuwa babangu. Lakini naye alikuwa mtu wa mji huu, na alijua mwanamke aliyeachwa ana kitu gani mkononi na kitu gani hana. Alipanda kwa ajili yangu. Alipokuwa akiinua mguu wa kulia, ukingo wa bati wa mkokoteni ukamkwaruza kidole kidogo, kupitia kwenye tundu la kiatu. Damu ilitoka kidogo sana. Nilimfuta kwa upindo wa leso yangu, akaondoka amekaa wima juu ya mto, na watu wakampungia mikono.

Ndugu yangu alipojua habari za mkokoteni alinishukuru. Alisema nimefikiri jambo la maana.

Kidole hakikupona. Wiki mbili, wiki tatu, kilibaki na kidonda kile kile kisichotoa damu wala kukauka. Kisha kikafanya weusi wa kucha, weusi ukashuka kwenye nyama. Baba alianza kuumwa hata akiwa amekaa. Alikuwa akiuning'iniza mguu nje ya kitanda kutafuta nafuu na hakuipata. Nilipomvua soksi asubuhi moja harufu ilinijibu kabla macho hayajaona. Nilikuwa nimemficha dresa kidonda kile, kwa kuogopa kuulizwa kama mzee anatembea.

Tulimvusha hadi hospitali kubwa ya kisiwani. Muhindi yule alikuja kumtazama, akaniuliza, "Alikuwa anatembea?" Nikasema, "Alikuwa." Akauliza, "Aliacha lini?" Nikavuta shuka nikaufunika mguu. Hakunigombeza. Alisema kidonda kinataka damu nyingi zaidi kupona kuliko mguu unavyotaka kutembea, na damu haifiki. Nikamwuliza kama asingeacha kutembea mguu ungepona. "Labda," alisema. Nimeishi na neno hilo tangu siku ile. Angesema ndiyo ningejua mzigo wangu. Angesema la ningelala usingizi.

Waliukata juu ya goti. Mwalimu wa msikitini alituambia kiungo cha Mwislamu huzikwa, hakitupwi, kwa hiyo ndugu yangu aliuchukua mguu wa babetu umefungwa kwa bafta, ndani ya kikapu, akapanda nao feri mchana, amesimama katikati ya wanawake wenye mboga na wafanyakazi wanaorudi makwao. Aliniambia alikuwa akihofia mtu atamwomba asogeze kikapu. Waliuzika kwenye makaburi yetu, shimo fupi, watu watano. Mguu ule ulikuwa umekwea minazi isiyo na idadi, na aliyeupeleka kaburini kabla ya mwenyewe nilikuwa mimi.

Baba aliporudi alikuwa amebadilika kwa kila kitu, ila hasira hakuwa nayo. Niliitamani. Nilitaka anitukane, aseme, wewe ndiye. Siku moja tu aliuliza, "Mmeulaza wapi?" Ndugu yangu akamwambia ni kando ya mama. Akaitikia kwa kichwa. Sasa hakuna aliyemwambia atembee, na sasa kukaa hakukuwa shauri la mtu. Nilimbeba, nikamwogesha, nikamgeuza, nikamlisha. Mguu uliobaki ulianza kupoa nao, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiushika kila asubuhi na kuujua.

Aliishi miezi saba. Siku ya kufa nilikuwa nikimnywesha uji, saa tatu asubuhi, jua limeingia barazani. Alishika kifua, akasema kumebana. Alisema kumebana kwa sauti ile ile aliyosema shavu la mguu limekaza, na nikafahamu pale pale kwamba ni mshipa, safari hii wa moyo. Nilitaka kupiga kelele. Alinishika mkono akanizuia.

"N'na radhi nawe," aliniambia. "Hukuniacha nikapata tabu."

Yalikuwa maneno yake ya mwisho. Wako watoto wanaozunguka dunia nzima kutafuta radhi za mzazi wasizipate. Mimi nilipewa, mkononi, kwa jambo lile lile lililomuua, na siwezi kuzirudisha wala kuzila.

Matangani wanawake walinizunguka. Mzee hakunyanyua hata kikombe, walisema. Mzee alipelekwa msikitini juu ya mto. Shangazi ndiye aliyesimulia zaidi ya wote, na kila aliposimulia alimalizia kwa kumlaani daktari. Kwa maelezo yake, kakake alikuwa hajambo amekaa zake, akaja Muhindi akamtembeza juani na mguu mbovu, mguu ukaharibika. Watu wote waliamini. Ndugu yangu aliamini. Hata leo ukimwuliza, ndivyo atakavyokwambia. Mimi nilikuwa mlangoni nikipokea mikono ya rambirambi, na sikusahihisha.

Mwaka uliofuata uhuru uliingia. Bendera zilibadilishwa, ngoma zikapigwa mpaka Kongowea, na kila mtu alikuwa akisema sasa ni wakati wa kupumzika. Wana wa shangazi walikuwa wamepata kazi nzuri, mmoja bandarini na mmoja huko huko Changamwe. Mume wa shangazi alikuwa mkulima, mzee mwembamba, mrefu, mwenye umri uliomzidi babangu. Kila asubuhi alipita mbele ya nyumba yetu na jembe lake akienda kwenye mihogo, na kila jioni akirudi, hatua zake ndefu.

Shangazi akaja kwangu amefurahi. Wanawe wamesema uhuru umekuja, baba yao hatashika jembe tena. Alitaka nimfunze nilivyokuwa nikimpikia kakake, na nilivyokuwa nikimzuia alipotaka kuinuka, kwa kuwa mumewe ni mkaidi.

Hapo ndipo niliposema. Nilimketisha, nikamwambia yote, tangu vidole vya dresa mpaka nyumba nne, mpaka mkokoteni na kile kidole. Nilimwambia, "Shangazi, kukaa ndiko kulikomuua baba. Mimi nilisikia kwa masikio yangu, na nikamketisha. Mwache mumeo aende shamba. Nakuomba."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanivuta akanikumbatia, akanipangusa uso kwa leso yake kama mtoto.

"Ni majonzi haya, mwanangu," alisema. "Majonzi humfanya mtu ajisingizie. Ulifanya la haki, na kila mtu aliona."

Nilimwendea mwenyewe mzee, nikamwambia kidogo, kwa haya. Alinishukuru kwa adabu na akasema wanawe hawataki. Nilimwambia ndugu yangu aongee na wana wa shangazi, akanikanya nisiwatie watu wasiwasi. Mwezi ulipokwisha hakukuwa na mtu mwenye jembe anayepita mbele ya nyumba yetu.

Nilikaa miezi mingi bila kupita njia ya kwa shangazi. Nilipopita nilimkuta mumewe barazani kwake, amevaa kanzu mpya, amenenepa uso, sahani ya halua kando yake. Alifurahi kuniona.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wote hawajambo?"

"Hawajambo." Nilisimama nikamtazama miguu, siwezi kujizuia. "Na miguu yako, baba? Yauma?"

Aliitazama naye, akatabasamu.

"Alhamdulillahi, haiumi hata kidogo," alisema. "Siku hizi siendi popote."